Kibaba cha Wakati

Kila kitu kinachopimwa kina chombo chake. Mchele hupimwa kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Mtu akimimina pishi ya mchele katika kibaba, chombo hakivunjiki wala hakipigi kelele. Mchele uliozidi humwagika chini, na mpimaji asiyetazama huondoka akiamini kuwa amepima sawasawa. Hasara yake haikutoka katika mchele, wala haikutoka katika mkono wake; ilitoka katika kutojua kadiri ya chombo. Wakati nao hupimwa kwa vyombo ndani ya kompyuta, na nao huweza kumwagika bila kelele. Nataka kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea katika mtandao, na jinsi watu wenye subira wanavyolitengeneza, kwa sababu naamini kuwa kazi yao ina mafunzo kwa kijana yeyote, hata yule ambaye hatagusa kompyuta maishani mwake.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Nafundisha hesabu kwa vijana ambao kesho watakuwa walimu wenyewe, na kila Jumatano alasiri baadhi yao hukutana nami kusoma maandishi ya programu iitwayo Linux. Hiyo ni mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta na kuzigawia programu nyingine zamu na nafasi zao. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika Ufini, na maandishi yake yako wazi kwa kila anayetaka kuyasoma. Twayasoma kama watu wasomavyo tenzi: mstari kwa mstari, tukiuliza kila neno limewekwa pale kwa sababu gani. Sehemu iliyotushughulisha kuliko zote ni ile ya mtandao, na ndani ya sehemu hiyo, mihuri ya wakati.

Habari zinazopita katika mtandao hukatwa vipande, na kila kipande huitwa pakiti. Pakiti inapofika, mfumo wa uendeshaji huweza kuipiga muhuri wa wakati, kama karani wa posta apigavyo muhuri wa tarehe juu ya barua. Muhuri huo si pambo. Kwa msaada wake kompyuta hujua pakiti ipi ni ya kale na ipi ni mpya, safari ya kwenda na kurudi ilichukua muda gani, na isubiri kwa kadiri gani kabla ya kutuma tena pakiti iliyopotea. Muhuri ukisema uongo, pakiti njema huweza kutupwa na subira huweza kuwa ndefu kupita kiasi. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta huona jambo moja tu, kwamba mtandao umenyamaza. Atalaumu waya, atalaumu mvua, atalaumu mwenye kampuni. Hatafikiri hata kidogo kuwa kosa limo katika hesabu.

Muhuri wa wakati ni namba, na namba peke yake ni bubu. Kila mwanafunzi wa Kenya analijua jambo hili ijapokuwa hajapata kulifikiri. Ukimwambia mtu, "Tuonane saa mbili asubuhi," naye akaandika 2 katika daftari yake ya Kiingereza, hamtaonana. Namba ni ile ile, lakini asili ya hesabu ni mbili: sisi twahesabu saa za mchana tangu mapambazuko, na Kiingereza huhesabu tangu usiku wa manane. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la saa sita. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna asiyejua kuhesabu. Kilichokosekana ni kuieleza namba: ni ya hesabu gani?

Basi kila namba ya wakati hudaiwa majibu ya maswali matatu. Imehesabiwa tangu lini? Imehesabiwa kwa kipimo gani, sekunde au sehemu ndogo za sekunde? Chombo kilichoibeba chachukua kiasi gani? Watungaji wa programu huyaita majibu hayo, kwa pamoja, aina ya namba. Makosa ya aina ndiyo ninayotaka kuyaonyesha, nami nitaonyesha matatu.

Kosa la kwanza ni la chombo kidogo. Mifumo mingi ya uendeshaji, Linux ikiwa mmoja wao, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kwa miaka mingi hesabu hiyo iliwekwa katika chombo cha biti 32. Biti ni nafasi moja ya kuandikia 0 au 1, na nafasi moja kati ya hizo 32 hutumika kuonyesha kama namba ni ya kujumlisha au ya kutoa. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038. Nairobi itakuwa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7, jua likiwa halijachomoza. Sekunde moja baadaye, mashine ambayo haikutengenezwa itaiona alama ya kutoa na kusadiki kuwa imo katika tarehe 13 Desemba 1901, siku ambazo reli kutoka Mombasa ilikuwa inakaribia kufika Kisumu. Pakiti itakayofika asubuhi hiyo itapigwa muhuri wa wakati ambapo babu zetu walikuwa bado hawajazaliwa.

Asidhani mtu kuwa hatari hii inangoja mwaka 2038 tu. Chombo kidogo hujaa upesi kama kipimo ni chembamba. Biti 32 zikihesabu sehemu za elfu za sekunde, bila nafasi ya alama, hujaa katika muda wa siku 49 na saa 17. Tarehe 14 Septemba 2004, katika kituo cha kuongoza ndege kilichoko Palmdale, Marekani, mtambo wa mawasiliano ya redio ulizimika kwa sababu ya hesabu ya namna hiyo. Mafundi walijua kuwa mtambo unahitaji kuwashwa upya kila siku 30. Safari hiyo haukuwashwa upya, hesabu ikafika mwisho, na mtambo wa akiba nao ukashindwa. Kwa zaidi ya saa tatu waongozaji waliziona ndege katika vioo vyao bila kuweza kusema na marubani. Hakuna ndege zilizogongana siku hiyo. Lakini usalama wa watu wengi ulikuwa umetundikwa juu ya kibaba kilichojaa.

Alasiri moja, tulipokuwa tukiyasoma hayo, mwanachuo mmoja aliinua mkono. "Mwalimu," alisema, "mwaka 2038 kompyuta hizi zitakuwa zimekwisha kutupwa. Kwa nini mtu apoteze usiku wake kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika?" Swali lilikuwa la haki, na baadhi ya wenzake walitikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumjibu, lakini kijana aliyeketi nyuma, mtu wa wilaya ya ukame ambaye kwa kawaida husema kidogo, alinitangulia. "Kwetu hatutupi," alisema. "Kompyuta za shule yetu zilikuja baada ya kutumika mjini kwa miaka mingi. Na ruta ile ya mtandao, hakuna ajuaye umri wake. Kinachochoka kwenu ndicho kinachoanza kazi kwetu."

Darasa lilinyamaza. Kijana yule alikuwa amesema jambo ambalo vitabu vyangu havikulisema. Mtungaji wa programu anapochagua chombo kidogo, aghalabu hafanyi hivyo kwa ubaya. Hufikiri kuwa kazi yake itadumu miaka michache, kisha wengine wataleta mpya. Lakini kazi ya mikono ya watu huishi kupita makadirio yao, na huishi muda mrefu zaidi mikononi mwa wale wasio na uwezo wa kununua nyingine. Tajiri akipata hasara ya kosa hilo, ataipata kwa siku moja, kisha atabadilisha mashine. Mwalimu wa shule ya mbali atabaki nayo. Kwa hiyo anayetengeneza leo kosa la mwaka 2038 hajisumbui bure. Anamtendea wema mtu asiyemjua, mahali asipopajua, katika siku ambayo yeye mwenyewe huenda asiione. Mdharau mwiba mguu huota tende, wasema wahenga. Na hapa mguu utakaoota tende si wa aliyeudharau mwiba, bali ni wa mwingine.

Kosa la pili ni la kuchanganya saa mbili. Ndani ya kompyuta mna saa ya tarehe, ambayo hutuambia leo ni siku gani, na mna saa ya mwendo, ambayo huhesabu tu muda unavyopita tangu mashine ilipowashwa. Saa ya tarehe huweza kurekebishwa: ikiwa imetangulia, hurudishwa nyuma. Saa ya mwendo hairudi nyuma kamwe. Sasa fikiri kuwa mwalimu wa michezo anampima mkimbiaji kwa saa ya ukuta wa bwalo. Mkimbiaji akiwa katikati ya uwanja, mtu mwingine aona kuwa saa imetangulia, akaurudisha mshale nyuma dakika tano. Mkimbiaji atafika, na hesabu itasema kuwa alifika kabla ya kuondoka. Kama chombo cha kuwekea jibu hakina nafasi ya alama ya kutoa, hali huwa mbaya zaidi: upungufu husomeka kama namba kubwa mno, na mkimbiaji huonekana kuwa ametumia miaka mingi.

Sehemu kadhaa za maandishi ya mtandao katika Linux zilikuwa zikipima muda wa pakiti kwa saa ya tarehe, nazo zimehamishiwa saa ya mwendo. Mara nyingi marekebisho ya namna hii ni ya maneno machache: jina la saa moja limefutwa, jina la saa nyingine limeandikwa. Lakini ili maneno hayo yaandikwe, mtu alipaswa kusimama mbele ya kila namba na kuiuliza: wewe watumika kujua tarehe, au kujua muda? Wakati mwingine jibu huwa tarehe, na hapo saa ya tarehe sharti ibaki. Anayebadilisha zote bila kuuliza huleta kosa jipya mahali pa kosa la kale.

Kosa la tatu ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu linakwenda kinyume na la kwanza. Baada ya kusikia habari za kibaba kilichojaa, mtu husema kwa furaha, "Basi dawa ni pishi, tutie kila namba katika chombo cha biti 64." Ni kweli kuwa dawa hiyo yafaa mahali pengi. Sekunde zikiwekwa katika biti 64 hazitajaa kwa miaka bilioni 292. Hata hivyo pishi nalo hujaa: hesabu ile ile ikiwekwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, kama kiini cha Linux kifanyavyo, itafika mwisho mwezi Aprili mwaka 2262. Na ziko namba ambazo hazitaki pishi kabisa.

Kompyuta mbili zinapozungumza kwa kanuni ya TCP, ambayo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti, huweza kuandikiana muhuri wa wakati ndani ya kila pakiti. Desturi hiyo iliandikwa mwaka 1992 na kusahihishwa mwaka 2014. Muhuri huo una biti 32 tu, na hauwezi kuongezwa na upande mmoja, maana ni mapatano ya wawili. Akiubadilisha mmoja, mwenzake hataelewa tena. Kwa hiyo muhuri huu huzunguka. Ukijaa, huanza tena kwenye sifuri, kama mshale wa saa upitao kwenye 12 na kuanza 1.

Itazame saa ya ukutani. Pakiti moja ina muhuri wa saa 11, nyingine ina muhuri wa saa 2. Ipi ilitangulia? Anayelinganisha namba kwa ukubwa atasema saa 2 ni ndogo, basi ni ya kale. Naye ataitupa pakiti mpya kama takataka. Mwenye busara hutazama mzunguko. Kutoka 11 kwenda mbele hadi 2 ni hatua tatu, nazo ni chini ya nusu ya duara. Kutoka 2 kwenda mbele hadi 11 ni hatua tisa. Basi 2 ndiyo iliyofuata. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa kutoa muhuri wa pili katika wa kwanza ndani ya chombo kile kile cha biti 32, kisha kusoma alama ya jibu. Ikiwa ni ya kutoa, muhuri wa kwanza ni wa kale.

Sasa tazama mtego. Mtu akilihamisha jibu hilo katika chombo cha biti 64 kabla ya kuisoma alama, alama hupotea. Upungufu mdogo hugeuka kuwa namba kubwa ya kujumlisha, duara hunyooshwa likawa mstari, na pakiti ya jana huonekana kuwa ya kesho. Mtu huyo alikuwa na nia njema na chombo kikubwa. Alichokosa ni kuijua kazi ya namba ile. Tokea hapo nimewaambia wanachuo wangu kuwa kutengeneza si kuongeza. Kutengeneza ni kutambua kitu ni cha namna gani, kisha kukipa kinachokistahili.

Hata pale ambapo pishi ndilo linalofaa, kuna swali la jinsi ya kulileta. Mfumo wa uendeshaji hauishi peke yake. Programu nyingi zimezoea umbo la mihuri yake. Mfumo uitwao OpenBSD, katika toleo la 5.5 la mwaka 2014, uliichukua njia ya mkato iliyo ngumu: ulibadilisha hesabu ya wakati kuwa ya biti 64 mahali pote, na programu za zamani zikalazimika kuundwa upya. Linux ilifuata njia ya pili. Katika toleo la 5.1 la mwaka 2019 iliongeza namna mpya ya kuomba mihuri ya wakati ya mtandao, yenye vyombo vipana, na ile ya zamani ikaachwa mahali pake ili programu za kale zisivunjike. Toleo la 5.6 la mwaka 2020 likawa la kwanza ambalo mashine za biti 32 ziliweza kuliendesha kupita mwaka 2038. Njia ya kwanza ni kuubomoa ukuta na kuujenga upya kwa siku moja; ya pili ni kufungua mlango mpya kando ya ule wa kale. Sioni haja ya kuilaumu yoyote. Kila moja ilichaguliwa na watu waliojua nani anakaa ndani ya nyumba yao.

Nitaje jambo moja zaidi, kwa kuwa nalipenda. Kiini cha Linux kina hesabu nyingine ya mapigo ya saa, ambayo hutumika kupimia subira katika mtandao na kwingineko. Katika mashine za biti 32 hesabu hiyo hujaa na kuanza upya baada ya siku nyingi, na kosa lililojificha humo lingeweza kukaa kwa miezi bila kuonekana. Watungaji walifanyaje? Hawakuianzisha hesabu kwenye sifuri. Waliianzisha kwenye namba iliyo karibu na mwisho, ili ijae baada ya dakika tano tu tangu mashine kuwashwa. Kwa hila hiyo njema, kosa hujitokeza mezani mwa fundi, mchana, naye akiwa macho. Halingoji kujitokeza usiku katika hospitali au shule ya mtu mwingine. Watu wengi huyasogeza makosa yao mbali ili yasionekane. Hawa waliyasogeza karibu ili waonekane nayo.

Msomaji kijana, mwaka 2038 wewe utakuwa mtu mzima uliye kazini. Baadhi yenu mtakuwa mafundi, na wengi mtakuwa wakulima, wauguzi, makarani na walimu. Lakini kila mmoja wenu atakabidhiwa namba: kadiri ya dawa, bei ya mazao, alama za mtoto, umri wa mzee. Usikubali kuipokea namba bubu, wala usimpe mwenzako namba bubu. Iulize imehesabiwa tangu wapi, kwa kipimo gani, na imetiwa katika chombo gani. Ukiona haitoshi mahali ilipo, usikimbilie kuitia katika chombo kikubwa kabla hujajua kazi yake. Na ukipata kosa ambalo litamwumiza mtu baada yako, litengeneze leo, uandike kwa maneno machache umetengeneza nini na kwa nini, kisha utie sahihi yako. Kazi ya namna hiyo haipigiwi ngoma. Ikifanywa vizuri, asubuhi ile ya Januari itapambazuka kama asubuhi nyingine zote, pakiti zitafika zikiwa na mihuri ya kweli, na mwalimu wa shule ya mbali atafungua darasa lake bila kujua kuwa kulikuwa na la kuogopa.